Pasi ya Reli au Tiketi za Kila Safari: Kisa cha Familia ya Mombasa Nchini Japani

Mwanzoni mwa mwaka 2025, dada yangu na mumewe, wakazi wa Mombasa, walikuwa wakipanga kuwapeleka watoto wao Japani katika likizo ya Aprili, baada ya Idi na kabla ya shule za Kenya kufunguliwa kwa muhula wa pili. Wasafiri walikuwa watano: wao wawili, binti wa miaka 13, mtoto wa kiume wa miaka 8, na mama yake shemeji, mwanamke wa makamo makubwa ambaye anatembea vizuri lakini hapendi ngazi. Mpango wao ulikuwa kufika uwanja wa ndege wa Narita tarehe 8 Aprili, kulala Tokyo siku nne, kuhamia Kyoto tarehe 12 na kukaa huko hadi tarehe 16, kulala Hiroshima usiku mmoja, kisha kukaa Osaka siku mbili na kurudi Tokyo tarehe 19 kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Waliponieleza habari hiyo, jambo moja walikuwa wameshaliamua, nalo ni kununua pasi ya reli ya nchi nzima, ile iitwayo Japan Rail Pass, ya siku saba, kwa kila mmoja wao. Waliniomba tu niwaangalizie kama bei waliyoiona ilikuwa sahihi.

Bei ilikuwa sahihi, ila uamuzi haukuwa sahihi. Ninakieleza kisa hiki kirefu kwa sababu makosa yaliyokuwa yakiinyemelea familia hii huwapata watu wengi wanaopanga likizo ya miji kadhaa, nayo hayatokani na uzembe. Yanatokana na kuianza hesabu mwishoni: mtu huchagua pasi kwanza, halafu akaipinda safari yake iifuate, ilhali pasi haiwezi kupimwa hata kidogo kabla ya njia na tarehe kujulikana.

Kwanza nieleze pasi yenyewe ni kitu gani. Japan Rail Pass huuzwa kwa wageni walioingia nchini kwa hadhi ya mgeni wa muda mfupi, na pasipoti huonyeshwa wakati wa kuichukua. Humruhusu mwenye nayo kupanda treni karibu zote za kampuni za reli za JR nchini kote, zikiwamo treni za mwendokasi za Shinkansen, kwa siku 7, 14 au 21 zinazofuatana. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 hulipa nusu, lakini aliyetimiza miaka 12 huhesabiwa mtu mzima, kwa hiyo familia hii ilikuwa na watu wazima wanne na mtoto mmoja, yaani nauli nne na nusu. Pasi ya siku saba ya behewa la kawaida ilikuwa yen 50,000, hivyo jumla yao ilifika yen 225,000. Katika miezi ile shilingi moja ya Kenya ilizidi yen moja kwa kiasi kidogo, na msomaji anaweza kuziwazia tarakimu hizi kama shilingi, akipunguza kidogo.

Ushauri wa kununua pasi hiyo waliupata kwa ndugu yao aishiye London, aliyezuru Japani mwaka 2018 na kurudi akiisifu kwa moyo wote. Ndugu huyo alisema kweli. Kabla ya Oktoba 2023 pasi ya siku saba iliuzwa nje ya Japani kwa yen 29,650, na mtu aliyekwenda Tokyo hadi Kyoto na kurudi alikuwa ameshakaribia kuilipa yote kwa safari hizo mbili tu. Safari yoyote iliyoongezeka baada ya hapo ilikuwa faida. Tarehe 1 Oktoba 2023 bei ikapandishwa hadi yen 50,000, ongezeko la karibu asilimia 70 kwa mkupuo mmoja, huku nauli za kawaida zikibaki karibu pale pale zilipokuwa. Ushauri uliokuwa mwema kwa miaka mingi ukageuka usiofaa kwa wasafiri wengi, lakini bado unapokezanwa katika familia kwa sababu aliyeutoa mara ya kwanza alifaidika nao kweli. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba sifa ya pasi yoyote isipokelewe bila kuuliza ilisifiwa mwaka gani.

Ili hesabu ifanyike, ilibidi nauli za Shinkansen zieleweke, na hapa uzoefu wa nyumbani ulituchelewesha kidogo. Aliyezoea kusafiri kwa SGR kati ya Mombasa na Nairobi anajua bei moja tu: unalipa shilingi 1,500 za daraja la kawaida au 4,500 za daraja la kwanza, unapewa kiti, umemaliza. Nauli ya Shinkansen hujengwa kwa sehemu mbili. Ya kwanza ni nauli ya msingi, inayopimwa kwa umbali, na ya pili ni ada ya mwendokasi, inayobadilika kwa aina ya treni na kwa kuwa umekatiwa kiti maalumu au utakaa katika mabehewa ya viti visivyopangiwa mtu. Kutoka Tokyo hadi Kyoto nauli ya msingi ilikuwa yen 8,360. Ukiongeza ada ya kiti kilichopangwa katika treni iitwayo Hikari unapata yen 13,850, na katika treni ya Nozomi yen 14,170. Hizo ni bei za msimu wa kawaida, nazo hupanda au kushuka kwa mamia machache ya yen kufuatana na wingi wa wasafiri.

Tukaipima njia yao yote kwa mtu mzima mmoja. Tokyo hadi Kyoto kwa Hikari ni yen 13,850. Kyoto hadi Hiroshima ni kama yen 11,000, Hiroshima hadi Osaka kama yen 10,500, na Osaka hadi Tokyo kama yen 14,400. Jumla inakaribia yen 50,000, na ukiongeza safari fupi ya kwenda kisiwa cha Miyajima unaizidi kidogo. Kwa maneno mengine, katika njia ile ile waliyoichora wao wenyewe, pasi ilikuwa inarudisha pesa iliyotolewa na haiongezi kitu. Shemeji alipoziona tarakimu hizo alisema kwamba kama ni sawa kwa sawa, basi heri pasi, maana unalipa mara moja na hufikirii tena. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa utulivu wa akili ya kiongozi wa safari una thamani yake, na kama mambo yangeishia hapo ningemwambia anunue.

Hayakuishia hapo, kwa sababu ya kalenda. Pasi huhesabu tarehe, haihesabu usiku wala saa. Familia ilikuwa imehesabu usiku wa kulala: usiku minne Kyoto, mmoja Hiroshima, miwili Osaka, jumla saba, na kwa hiyo wakaona pasi ya siku saba inatosha barabara. Lakini anayeondoka Tokyo tarehe 12 na kurudi tarehe 19 ametumia tarehe nane. Siku ya nane ndiyo ya safari ya Osaka hadi Tokyo, ndefu na ya bei kubwa kuliko zote walizobakiza, nayo ingewakuta pasi zimekwisha muda usiku wa kuamkia siku hiyo. Wangelipa zaidi ya yen 64,000 juu ya zile 225,000, au wangelazimika kununua pasi za siku 14 kwa yen 80,000 kila mtu mzima, au wangepunguza usiku mmoja wa Kyoto. Nilimwuliza dada yangu ni usiku upi wa Kyoto angekubali kuuacha, naye akanyamaza. Pasi iliyonunuliwa ili kumpa mtu uhuru ilikuwa inakaribia kumfukuza mjini.

Lilikuwapo pia suala la treni yenyewe. Katika reli ya Tokaido, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, treni zipitazo kwa wingi ni za Nozomi, ambazo mwaka 2025, katika saa za shughuli, ziliweza kufika 12 kwa saa moja kwa kila upande, na hufika Kyoto kwa muda wa saa mbili na robo hivi. Hikari ni kama mbili kwa saa na huchukua karibu saa mbili na dakika arobaini. Mwenye pasi hapandi Nozomi mpaka alipe nyongeza, na nyongeza ya Tokyo hadi Kyoto ilikuwa yen 4,960. Mwenye tiketi ya kawaida tofauti yake kati ya Hikari na Nozomi ni yen 320 tu. Nililiweka wazi jambo hili mbele yao kwa sababu linapindua dhana ya kwamba mwenye pasi ndiye aliye huru zaidi: katika njia ya Shinkansen yenye treni nyingi kuliko zote nchini, ni mwenye tiketi ndiye anayeweza kupanda karibu chochote kinachopita.

Tulipofika hapo niliacha kabisa kuzungumzia pasi, nikauliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: kwa nini mnarudi Tokyo? Jibu lilikuwa kwamba ndege inaondokea Tokyo. Lakini tiketi za ndege zilikuwa hazijalipiwa. Osaka ina uwanja wake wa kimataifa, Kansai, na mashirika yanayowachukua abiria wa Afrika Mashariki kupitia Dubai au Doha hutua huko pia. Kukata tiketi ya kufikia Narita na kuondokea Kansai kulikuwa kunawezekana, na tofauti ya bei waliyoonyeshwa ilikuwa ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya watu watano kurudi Tokyo kwa Shinkansen. Mabadiliko hayo peke yake yaliondoa yen 64,000 na ushee na nusu nzima ya siku ya mwisho, ambayo wangeitumia kukimbizana na masanduku kutoka Osaka hadi Tokyo na kutoka Tokyo hadi Narita. Uamuzi mkubwa kuliko yote wa nauli za treni ulifanyika katika tiketi ya ndege.

Baada ya njia kunyooka, ikabaki safari moja ndefu ya Tokyo hadi Kyoto, na baada yake mizunguko ya magharibi. Ile ya kwanza haikuhitaji pasi ya aina yoyote. Tiketi nne za Nozomi za watu wazima na moja ya mtoto ya yen 7,080 zilifika yen 63,760. Ya pili ilihitaji kufikiri, na ili kuifikiria vizuri inafaa kujua kwamba lile jina JR, ambalo mgeni huliona kila kituoni akadhani ni shirika moja, ni jina la kampuni kadhaa. Shirika la reli la taifa lilivunjwa tarehe 1 Aprili 1987, likagawanywa katika kampuni sita za abiria kwa maeneo na moja ya mizigo. Shinkansen kati ya Tokyo na Shin-Osaka ni ya kampuni ya kati, na kuanzia Shin-Osaka kwenda Hiroshima na Hakata ni ya kampuni ya magharibi. Abiria haoni mpaka huo, kwa kuwa treni haibadiliki, wala kiti hakibadiliki. Lakini pasi za maeneo huuzwa na kampuni, na mpaka wa kampuni ndio mpaka wa pasi.

Kampuni ya magharibi ilikuwa ikiuza pasi ya Kansai na Hiroshima, yen 17,000 kwa mtu mzima na 8,500 kwa mtoto, kwa tarehe tano mfululizo. Humpeleka mwenye nayo kwa Shinkansen kati ya Shin-Osaka na Hiroshima, hata kwa Nozomi bila nyongeza, na kwa treni za kawaida za JR katika eneo la Kyoto, Nara, Osaka, Kobe na Himeji, pamoja na treni ya uwanja wa ndege wa Kansai na feri ya JR ya kwenda Miyajima. Kitu kimoja haiwezi, nacho ni Shinkansen kati ya Kyoto na Shin-Osaka, kwa sababu kipande hicho kifupi ni mali ya kampuni jirani. Watu hugundua hilo wakiwa wamesimama getini. Mwenye pasi hii akiwa Kyoto hupanda kwanza treni ya kawaida ya haraka hadi Shin-Osaka, mwendo usiofika nusu saa, kisha ndipo apande Shinkansen.

Tuliamua kwamba tarehe tano za pasi ziwe 15 hadi 19 Aprili, tukazijaza kwa namna ambayo haikuiongezea familia safari hata moja isiyotakiwa. Hili ninalishikilia sana. Mtu mwenye pasi hushawishika kupanda treni ili tu pasi ilipe, na jioni anajikuta ameona vituo vingi na miji michache. Basi tukaanza na walivyovitaka. Walitaka Nara, yenye hekalu la Todaiji na kulungu wake, na walitaka malango mekundu ya Fushimi Inari, na sehemu hizo mbili ziko katika njia moja ya JR itokayo Kyoto, kwa hiyo zikawekwa siku moja, tarehe 15, kwa tahadhari kwamba treni za haraka za njia hiyo hazisimami Inari na wangepaswa kupanda zile za kila kituo. Tarehe 16 wangekwenda Hiroshima. Tarehe 17 asubuhi wangevuka kwenda Miyajima, ambako pasi hulipa feri lakini hailipi ushuru wa mgeni wa yen 100 kwa kila mtu ulioanza kutozwa Oktoba 2023, na jioni wangefika Osaka.

Tarehe 18 ilikuwa Ijumaa, na ndiyo siku iliyonifurahisha zaidi katika mpango mzima. Familia ilitaka kuona ngome ya Himeji, na shemeji alitaka mahali pa kuswali Ijumaa. Katikati ya Osaka na Himeji, katika njia ile ile ya reli, uko mji wa Kobe, na Kobe ndiko uliko msikiti wa kwanza kujengwa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935, ambao hadi leo unasimama kwa kutembea kidogo kutoka kituo cha Sannomiya. Wangeweza basi kwenda Himeji asubuhi na mapema, kushuka Kobe wakati wa kurudi kabla ya adhuhuri kupita, kuswali, kula chakula cha halali katika mitaa ya jirani, na kurejea Osaka bila haraka. Tarehe 19 pasi ingewapeleka uwanja wa ndege. Nauli za kawaida za siku hizo tano, kwa mtu mzima mmoja, tulizikadiria kuwa kama yen 27,000. Pasi ilikuwa 17,000. Hapa pasi ililipa, tena ililipa vizuri, na ililipa kwa sababu ilichaguliwa baada ya njia.

Jumla ya pasi za magharibi ilikuwa yen 76,500, na pamoja na Nozomi ya Tokyo hadi Kyoto ikawa yen 140,260. Mpango wa awali ulikuwa yen 225,000, na huo haukuwafikisha hata mwisho wa safari. Tofauti ilikaribia yen 85,000, sawa na takriban shilingi 70,000 za Kenya, ambazo dada yangu alizielekeza mara moja katika hoteli ya Osaka, kwa kuwa maonyesho makubwa ya dunia, Expo, yalikuwa yafunguliwe mjini humo tarehe 13 Aprili na vyumba vilikuwa vimepanda bei.

Bado palikuwa na mama. Hesabu zote hizi zinaweza kuwa sahihi na safari ikawa mbaya, kama hakuna aliyefikiri habari za magoti ya mtu mzima. Kubadili treni Shin-Osaka ndiko kulikonitia wasiwasi. Nilimweleza mama mwenyewe kwa simu, naye akajibu, "Mwanangu, kutembea natembea, ngazi ndizo sizitaki." Kituo kile kina lifti, lakini lifti inataka muda, na muda unataka treni isiyobana. Tukapanga waondoke Kyoto saa nne asubuhi, baada ya umati wa wafanyakazi kupungua, na wasiwe na miadi Hiroshima mchana huo. Kama magoti yangekuwa mabaya zaidi ningependekeza wamlipie mama tiketi ya moja kwa moja kutoka Kyoto, hata kama hesabu ingeharibika, kwa maana hakuna yen 1,000 wala 10,000 inayostahili kumfanya mzee aogope kesho yake.

Masanduku nayo yalikuwa na sheria yao. Tangu Mei 2020, katika Shinkansen ya Tokaido na ya magharibi, mzigo ambao urefu, upana na kina chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 hutakiwa kukatiwa kiti chenye nafasi ya mizigo nyuma yake, na asiyefanya hivyo hutozwa yen 1,000. Kukata kiti hicho hakuongezi gharama, ila viti ni vichache. Niliwaomba wapime masanduku yao nyumbani kwa utepe wa fundi cherehani, na moja tu likazidi. Hata hivyo tuliona heri masanduku makubwa yasipande treni kabisa. Japani ina huduma ya kusafirisha mizigo kutoka hoteli hadi hoteli, takkyubin, iliyoanzishwa na kampuni ya Yamato mwaka 1976, na mzigo uliotolewa Tokyo leo kwa kawaida hufika Kyoto kesho. Masanduku ya familia yangetangulia Kyoto, kisha kutoka Kyoto yangekwenda moja kwa moja Osaka, na Hiroshima wangekwenda na mikoba ya mgongoni. Uzuri wa siku ile ya kubadili treni ulitegemea jambo hili kuliko pasi yoyote.

Usafiri wa ndani ya miji ulikuwa mwepesi zaidi, ingawa huko nako pasi hutofautiana tabia. Tokyo wangelala Asakusa, mwanzo wa njia ya Ginza, kwa hiyo pasi ya treni za chini ya ardhi ya saa 72, ambayo wakati ule ilikuwa yen 1,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, iliwafaa. Huhusisha njia 13 za kampuni mbili za chini ya ardhi, haihusishi treni za JR. Hii huhesabu saa, si tarehe: ukiitumia getini mara ya kwanza Jumatano saa nne asubuhi, inakufaa hadi Jumamosi saa nne asubuhi, ndiyo maana niliwashauri siku ya kufika wasiianze, waianze kesho yake, na Jumamosi waitumie kwenda kituo cha Tokyo kupanda Nozomi. Ijumaa ya Tokyo wangeswali msikiti wa Tokyo Camii, uliojengwa 1938 na kujengwa upya mwaka 2000. Njia ya Ginza huwafikisha Omotesando, wakabadili kuingia njia ya Chiyoda hadi mwisho wake, Yoyogi-Uehara, yote ndani ya pasi ile ile.

Kyoto hatukununua pasi ya mji. Pasi ya basi ya siku moja ya yen 700, ambayo vitabu vya zamani bado huitaja, iliacha kuuzwa mwisho wa Septemba 2023 kwa sababu mabasi yalikuwa yamefurika watalii hadi wenyeji hawapati nafasi. Iliyobaki, ya mabasi na treni za chini ya ardhi, ni yen 1,100, na kwa kuwa basi moja ni yen 230, mtu anahitaji kupanda mara tano kwa siku ili irudi. Familia yenye mama wa makamo na mtoto wa miaka minane haipandi mabasi mara tano kwa siku katika Kyoto ya Aprili, na haifai kujaribu.

Kwa safari hizo ndogo walihitaji kadi za kugusisha, ziwekwazo pesa kabla na kugusishwa getini. Kadi inayonunuliwa Tokyo hutumika Kyoto, Osaka na Hiroshima, ingawa haiwezi kuingilia getini Tokyo na kutokea Kyoto. Uuzaji wa kadi za kawaida zisizo na jina za Suica, kadi ya kugusisha ya kampuni ya JR ya mashariki, ulisimamishwa Juni 2023 kwa uhaba wa vipande vya kielektroniki na ukarejea tarehe 1 Machi 2025, wiki chache kabla ya safari yao. Lakini mabadiliko ya uwanja wa ndege yalileta jambo jipya: amana ya yen 500 ya Suica hurudishwa na kampuni ya mashariki tu, nao wangeondokea magharibi. Kwa hiyo tuliwachagulia Welcome Suica, kadi ya wageni isiyo na amana, inayodumu siku 28 na isiyorudisha salio, ya mtoto ikiwa na nusu nauli baada ya kuonyesha pasipoti yake. Kila kadi iwekwe pesa kidogo kidogo, na salio la mwisho linunuliwe maji na vitafunio Kansai kabla ya kupanda ndege.

Shemeji aliniuliza ni nani basi anayepaswa kuinunua ile pasi ya yen 50,000. Wapo. Anayekwenda Tokyo hadi Hakata, katika kisiwa cha Kyushu, na kurudi ndani ya wiki, nauli zake za kwenda na kurudi zinakaribia kuimaliza bei yote, na kila kituo atakachoshuka njiani ni faida. Anayesafiri kwa treni kutoka kaskazini hadi magharibi ndani ya siku chache naye inamfaa. Pasi ile imebaki kuwa ya wanaosafiri mbali sana kwa haraka, na familia inayotaka kulala Kyoto siku nne haimo katika kundi hilo.

Mpangilio wa ununuzi ukawa hivi: tiketi za ndege kwanza, kisha hoteli, kisha viti vya Nozomi kwa programu ya simu inayopokea kadi za benki za kigeni, na kimoja kati yake kiwe cha nyuma kabisa chenye nafasi ya mizigo, iwapo lile sanduku kubwa lingechelewa kutangulizwa. Pasi za magharibi zilinunuliwa mwisho, na kabla ya kulipa dada yangu alizihesabu tarehe kwa vidole mbele ya kalenda ya ukutani, kuanzia tarehe 15, mpaka akafika tano.